Mwezi wa Kupanda Kolo: Somo Kuhusu Misimu na Michoro ya Miambani

Mkazi wa Kondoa mwenye ndugu Dar es Salaam, Arusha au Mwanza haikwepi siku atakayopigiwa simu na kuulizwa: "Tunataka kuja kuiona ile michoro ya Kolo. Tuje lini?" Jibu linalotolewa mara nyingi ni "karibuni wakati wowote". Ni jibu la ukarimu, lakini halimsaidii mgeni, wala haliusaidii mwamba. Anayekuja Februari na anayekuja Juni hupanda kilima kilekile, ila wanachokutana nacho njiani, wanachokiona wakifika na wanachokiacha nyuma yao ni mambo matatu tofauti. Somo la toleo hili linahusu namna ya kulijibu swali hilo kwa ujuzi, iwe mwulizaji ni shemeji, mwalimu mwenye wanafunzi themanini, au mgeni wa nchi za mbali aliyeshushwa na basi kijijini Kolo.

Kabla ya kuitaja miezi, ni vyema tukumbushane ni kitu gani kinachotazamwa. Watu husema "mapango ya Kolo", na wageni huja na tochi wakitarajia kuingia gizani. Sehemu nyingi zenye michoro si mapango ya kina. Ni miamba mikubwa iliyochomoza mbele mfano wa upenu wa nyumba, na chini ya upenu huo, ukutani, ndipo wachoraji wa kale walipofanya kazi. Miamba hiyo imesambaa katika miteremko ya mashariki ya ukingo wa Bonde la Ufa, ikiitazama nyika ya Wamasai. Zaidi ya maeneo 150 ya aina hiyo yamo ndani ya kilomita za mraba 2,336, nayo ndiyo yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Yanayofahamika zaidi ni yale matatu ya Mungomi wa Kolo, yaliyo umbali wa kilomita zipatazo 9 mashariki ya kijiji cha Kolo. Yapo mengine Pahi, Kisese, Thawi na kwingineko, mengi yakiwa jirani kabisa na mashamba yetu.

Katika kuta hizo mna twiga, tembo na pofu, na mna watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa kwa namna ya ajabu. Michoro ya zamani zaidi ni ya rangi nyekundu, iliyotokana na udongo wenye madini ya chuma, na kwa kawaida huhusishwa na wawindaji wa kale ambao Wasandawe wanahesabiwa kuwa na uhusiano nao. Juu yake, mara nyingine ikiifunika, ipo michoro minene ya rangi nyeupe iliyochorwa na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Mary Leakey alikaa huku mwaka 1951 akinakili taswira zipatazo 1,600 kwa mkono, na alipochapisha kitabu chake mwaka 1983 alikipa jina lenye kutangaza kuwa sanaa hii ya Afrika inatoweka. Huko Kisese, uchimbaji wa mwaka 1956 ulifukua shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipimo vya baadaye vimeonyesha kuwa binadamu wamekuwa wakiutumia upenu huo kwa zaidi ya miaka 40,000.

Ni upenu, basi, ulioihifadhi michoro. Mvua ikinyesha wima, ukuta hubaki mkavu. Kinachouharibu ni maji yanayotiririka kwenye uso wa mwamba, vumbi linalopeperushwa na kuganda, moshi wa moto wa nyikani, na mkono wa mtu. Kila kimoja kina msimu wake. Kwa hiyo anayeuliza mwezi wa kuja anauliza pia, pengine bila kujua, ni madhara gani yatakayokuwa yakitembea naye.

Msimu wa mvua na habari ya makorongo

Wilaya yetu ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kukoma Aprili, mara nyingi ukiwa na mapumziko ya wiki kadhaa katikati, Januari au Februari. Mapumziko hayo ndiyo mtego. Mgeni hutazama anga jeupe la Februari akadhani mvua zimekwisha, akaondoka Kondoa mjini na gari dogo.

Barabara kuu ya Dodoma, Kondoa hadi Babati ni ya lami na haimsumbui mtu. Taabu huanzia pale unapoiacha lami kijijini Kolo na kushika njia ya udongo kuelekea Mungomi. Vilima vya Irangi ni maarufu kwa makorongo, na umaarufu huo si wa kujivunia. Mmomonyoko uliifikisha ardhi mahali ambapo mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee wote wanaufahamu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Uoto umerudi kwa kiasi kikubwa, kama anavyoweza kushuhudia yeyote aliyeviona vilima hivyo nyakati zile. Hata hivyo makorongo yaliyokwisha kuchimbika yangali pale, na mchanga wake mpana unaonekana kuwa njia nzuri ya gari pindi unapokuwa mkavu.

Korongo la mchanga halihitaji mvua inyeshe mahali ulipo. Ikinyesha vilimani kwa saa moja, maji hushuka kwa kishindo na kulijaza katika muda mfupi, wakati wewe upande wa chini unaona jua. Gari lililosimama katikati ya mchanga kusubiri watoto wapige picha liko hatarini. Na gari lililovuka asubuhi likiwa salama laweza kukaa ng'ambo hadi usiku, likiwa na abiria wasio na chakula wala blanketi. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili: kuanzia Desemba hadi Aprili, msafara wa wanafunzi usivuke korongo lolote kwenda miambani bila kauli ya siku hiyohiyo kutoka kwa mtu anayeishi upande wa pili. Kauli ya jana haitoshi.

Yapo pia mambo madogo. Mpando wa mwisho kuelekea miambani ni mkali, na mawe yenye ukungu wa kuvu huteleza vibaya yakilowa. Nyasi huwa ndefu kiasi cha kumficha nyoka. Wengi wa vijana wanaoweza kumwongoza mgeni wako shambani wakipalilia, nao hawapaswi kulaumiwa; palizi likipita haliji tena, ilhali mwamba utakuwepo Julai.

Kwa haki ya msimu huo niseme kuwa ndio wakati ambao vilima ni vya kupendeza kuliko wakati mwingine wowote. Kijani kinatanda hadi upeo wa macho, hewa ni safi, na baada ya mvua nyika ya Wamasai huonekana mbali kana kwamba mtu amefuta kioo. Mpiga picha aliyejiandaa, mwenye gari lenye uwezo na siku mbili za ziada mkononi, hatajuta kuja Machi. Familia yenye bibi na watoto wadogo itajuta.

Mwisho wa Mei hadi Julai

Huu ndio wakati ambao mwandishi wa makala haya angeuchagua kwa ajili ya mgeni wake mwenyewe. Mvua zimekoma, makorongo yamekauka, lakini ardhi bado ina unyevu kidogo unaolizuia vumbi kuruka. Nyasi zimeanza kulala. Uwele, mtama na mahindi vinavunwa au vimekwisha kuvunwa, hivyo chakula kipo, mama lishe wa Kolo na Kondoa mjini wana cha kupika, na waongozaji wanapatikana bila mtu kuacha kazi ya msimu. Fedha ya mgeni inayoingia kijijini Julai haijaondoa jembe mkononi mwa yeyote.

Baridi ipo, na wageni wa pwani huidharau. Vilima hivi viko juu, na alfajiri ya Juni na Julai huhitaji sweta au jaketi zito, hasa kwa anayekusudia kulala kambini. Mchana jua hutoka bila ukali, kiasi kwamba mtu mzima wa afya ya wastani hupanda hadi miambani bila kuhema sana, akipumzika njiani mara mbili tatu.

Kwa shule za kata zetu, nafasi hii ni finyu kuliko inavyoonekana. Juni shule hufungwa, na darasa la saba hufanya mtihani Septemba. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waione michoro wakiwa wametulia akilini ana wiki za mwisho za Mei kabla ya kufunga, au Julai baada ya kufungua. Safari inayowekwa Oktoba "kwa sababu mitihani imekwisha" huwakuta darasa la saba wameshatawanyika, na jua likiwa katika ukali wake.

Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba

Njia ni kavu, gari lolote lililoinuka kidogo hufika, na miti iliyopukutisha majani hufungua mandhari. Miamba ambayo Aprili imefichwa na vichaka huonekana kutoka mbali, na anayetaka kuelewa jinsi sehemu za michoro zilivyopangana kando ya ukingo ataelewa zaidi Septemba kuliko mwezi mwingine. Kwa mtafiti au mwanafunzi wa chuo, huu ni msimu mzuri.

Ila una gharama mbili. Ya kwanza ni vumbi. Upepo wa miezi hiyo ni mkali, na njia ikisagwa na magari mengi hutoa unga mwekundu unaopanda hadi kwenye kuta. Watu wakikanyagakanyaga sakafu ya upenu nalo hupanda. Kundi la watu arobaini lililosimama chini ya mwamba mmoja kwa nusu saa katika mwezi wa Septemba hutimua vumbi ambalo kundi la watu kumi halilitimui. Lililo bora ni kugawana: wachache wapande, wengine wasubiri kivulini chini, kisha wabadilishane.

Gharama ya pili ni moto. Uoto uliorudi vilimani ni neema, lakini Septemba na Oktoba ni kuni tupu. Moto wa kurina asali, wa kusafishia shamba au wa kipande cha sigara ukikifikia kichaka kilicho mbele ya upenu, moshi wake huupaka ukuta masizi, na joto lake huweza kuuchana uso wa mwamba ukabanduka pamoja na mchoro. Rangi iliyodumu maelfu ya miaka huanguka chini kama ganda la kiazi. Wenye mashamba jirani na miamba wanaombwa kukata nyasi mbele ya maeneo hayo mapema, mwezi wa Julai, zikiwa bado hazijakauka kabisa, na mwenye kuona moto amjulishe mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata bila kungoja kuona unaelekea wapi.

Mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini mwetu. Kuanzia hapo hadi mvua zinapoanza, joto la mchana huwaelemea wazee na watoto katika mpando. Anayekuja katika wiki hizo apande asubuhi na awe ameshuka kabla ya saa 6 mchana.

Wakati wa kusubiri mvua

Mungomi wa Kolo si jumba la makumbusho. Ni mahali pa matambiko hadi leo, ya uponyaji na ya kuomba mvua, na matambiko ya mvua huangukia pale inaposubiriwa au inapochelewa, yaani kuelekea mwisho wa mwaka. Mgeni anayefika akakuta watu wako katika shughuli yao hana haki ya kupiga picha wala ya kusogea, hata kama amelipa kiingilio. Muongozaji mwenye busara humketisha mbali, au humpeleka kwanza kwenye mwamba mwingine.

Hapa pana mvutano ambao haufai kufichwa. Pombe ya kienyeji iliyorushiwa ukutani wakati wa tambiko huacha alama, na wahifadhi wamelisema hilo kwa muda mrefu. Upande mwingine, bila heshima ambayo wenyeji waliipa miamba hii kwa vizazi vingi, huenda hata hiyo michoro ya kuhifadhiwa isingekuwapo. Kwa maoni yangu suluhu ni ya mazungumzo kati ya wazee na wahifadhi, na mgeni wa siku moja hana nafasi ya kuwahukumu wala hawa wala wale. Nafasi yake ni kuuliza kabla ya kupanda: leo kuna shughuli?

Saa za siku

Mwezi ukishachaguliwa vizuri, saa huweza kuharibu yote. Jua likipiga ukuta moja kwa moja, rangi nyekundu iliyofifia humezwa na mng'aro, na mtu huondoka akisema "sikuona kitu". Michoro husomeka vyema ukuta ukiwa kivulini huku nje kukiwa na mwanga wa kutosha. Kwa kuwa miamba haielekei upande mmoja, hakuna saa moja inayofaa yote, na hapa ndipo muongozaji anapostahili ujira wake: anajua aanze na upi asubuhi na amalize na upi. Macho nayo yanahitaji muda. Simama tulivu dakika tano mbele ya ukuta kabla ya kusema umeona au hukuona. Sura ya mtu hujitokeza polepole pale ulipodhani ni doa la kutu.

Na hapa lipo kosa ambalo limefanywa kwa nia njema kwa miaka mingi: kumwagia ukuta maji ili rangi ing'ae kwa ajili ya picha. Hung'aa kweli, kwa dakika chache. Kisha maji yanapokauka huvuta chumvi kutoka ndani ya mwamba hadi juu, nayo huganda kama utando mweupe juu ya mchoro. Ukuta uliomwagiwa mara nyingi haung'ai tena hata ukimwagiwa pipa. Vishawishi vya kufanya hivyo huwa vikubwa zaidi Agosti hadi Oktoba, vumbi linapokuwa limetanda ukutani na mgeni ana chupa ya maji mkononi. Mwenyeji aliye naye ndiye wa kumzuia, kwa upole lakini bila kusita, na hilo ni pamoja na kuzuia soda, mate na kitambaa kilicholowa.

Wanaoweza kuja Desemba tu

Ushauri wote wa hapo juu unagongana na ukweli mmoja: watu wetu walio mbali hurudi nyumbani mwisho wa mwaka, wakati hasa ambao mvua zinaanza. Kuwaambia waje Juni ni kuwaambia wasije. Idd, ambayo kwa wengi wetu ndiyo safari kubwa ya kurudi, ina nafuu, kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Familia inayotazama kalenda mapema itaona ni miaka ipi Idd mojawapo huangukia kati ya Mei na Oktoba, na ikaipangia safari ya Kolo mwaka huo.

Kwa wa Desemba, fanyeni hivi. Nendeni mwanzoni mwa likizo, si baada ya sikukuu, kwa sababu kila wiki inayopita huongeza uwezekano wa makorongo kujaa. Msiweke siku moja. Wekeni mbili au tatu, mtumie ile itakayoamka kavu. Ondokeni mapema, kwa kuwa mvua nyingi za msimu huo hunyesha alasiri. Piteni kwanza katika ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, kando ya barabara kuu, mlipe kiingilio kwa stakabadhi, mpewe muongozaji na mwulize hali ya njia. Wakiwaambia njia haipitiki, msitafute kijana wa bodaboda atakayesema inapitika. Zipo nyumba za wazee Kolo, Pahi na Kisese ambamo watoto wa mjini wanaweza kukaa saa mbili wakisikiliza habari za vilima hivi kutoka kwa watu waliokua chini ya miamba hiyo, na mwezi wa mvua, kazi za shamba zikiwa zimesimama kwa siku, wazee hao huwa nyumbani.

Viongozi wa shule na vikundi wanaokusudia kwenda Julai wanashauriwa kuiandikia ofisi hiyo barua kabla ya mwisho wa Mei, wakitaja idadi ya watu na namna watakavyogawanywa makundi, kwa kuwa Julai ndiyo inayogombewa na wengi, na kundi la pili likikuta la kwanza mwambani hulazimika kusubiri juani.